Vipuri Vilivyozeeka Pamoja

Sauti ilianza nikiwa napandisha mlima kwa gia ya tatu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ko, ko, ko, ya chini chini, ikija nikikanyaga mafuta na kupotea nikiachia. Aliyewahi kuishi na injini anaijua sauti hiyo na anajua inakotoka: chini kabisa, pale konrodi, mkono wa pistoni, inapoishika kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Nilizima gari pale pale pembeni mwa barabara, kwa sababu konrodi ikilegea na ukaendelea kulazimisha, hutoboa bloki, mwili wa injini, na kutokea nje. Gari likavutwa kwa kamba hadi nyumbani, na halikuwaka tena kwa miezi saba.

Ni MG TC ya mwaka 1948. Kwa asiyeyajua magari haya: ni gari dogo la michezo la viti viwili, lililoundwa Abingdon, Uingereza, kati ya 1945 na 1949. Yalitoka magari kama 10,000 tu, yote yakiwa na usukani upande wa kulia na magurudumu membamba ya spoku ya inchi 19. Injini yake inaitwa XPAG. Ina silinda nne, sentimita za ujazo 1,250, na nguvu farasi 54 hivi kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika. Leo gari la kawaida la familia linaipita kwa mbali. Lakini ukilisikia TC likipumua kupitia kabureta zake mbili, utaelewa kwa nini watu wanayahangaikia mpaka sasa.

Niliposhusha sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kufuta oili kwa kitambaa, niliona kitu kilichonifanya nikae chini sakafuni. Konrodi ya tatu ilikuwa imegongwa namba 3 ubavuni, kama inavyotakiwa. Kifuniko chake kilikuwa na namba 2. Nikasogeza taa kwenye konrodi ya pili: konrodi 2, kifuniko 3. Kuna mtu, miaka mingi kabla yangu, aliyafungua haya, akayaosha, akayafunga kwa haraka, na vifuniko viwili vikabadilishana.

Mtu anaweza kuuliza, kwani vina tofauti gani? Vinafanana. Bolti zinaingia, nati zinakaza, kranki inazunguka. Hilo swali ndilo kiini cha kazi yote ya kufufua injini ya zamani. Kiwandani, konrodi na kifuniko chake hufungwa pamoja kwanza, ndipo tundu la kushika kranki linachongwa. Kwa hiyo tundu lile ni la wawili hao, kama chanda na pete. Ukichukua nusu ya tundu moja ukaifunga na nusu ya tundu jingine, unapata kitu kinachoonekana duara kwa macho, na mikromita inakikana. Ukingo mmoja unatangulia mwingine kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi inabanwa upande, filamu ya oili inakatika hapo, na chuma kinaanza kula chuma. Hakivunjiki siku hiyo. Kinasubiri mlima na gia ya tatu.

Shingo za kranki ambako konrodi hushika, kwenye XPAG, zina kipenyo cha milimita 45, na zile za beringi kuu ni 52. Shingo yangu ya tatu ilikuwa imeliwa upande mmoja kiasi kwamba tofauti kati ya kipimo kimoja na kingine, kwenye shingo ile ile, ilifika milimita 0.07. Beringi ya ukubwa huu inahitaji nafasi ya oili ya karibu milimita 0.045 tu. Shingo yenyewe ilikuwa imepotea umbo zaidi ya nafasi nzima ya oili.

Wakati huo nilitamani kurudisha vifuniko mahali pake, nitie beringi mpya na niendelee. Mkerezaji aliyenisagia kranki ni mzee mpole aliyezoea kuwaona watu wa aina yangu. Aliziangalia konrodi zangu kwa muda mrefu kabla ya kusema.

"Mwanangu, hizi zimeshaishi vibaya. Ukizirudishia wenzake leo, hazitakuwa zilivyokuwa."

Alikuwa sahihi, na alinionyesha kwa kipimo. Tulirudisha vifuniko kwa konrodi zake, tukakaza kwa nguvu inayotakiwa, na matundu bado hayakuwa duara. Ilibidi nyuso za vifuniko zisagwe kidogo na tundu la kila konrodi lichongwe upya, kila moja na kifuniko chake. Kranki ikasagwa kwenda andasaizi ya kwanza, yaani ikapunguzwa kipenyo kwa sehemu kumi za elfu za inchi, na beringi zikanunuliwa baada ya hapo, si kabla.

Mpangilio huo una maana. Watu wengi hununua beringi na pistoni kwa kuangalia jina la gari, kisha wanamlazimisha mkerezaji afuate walichonunua. Kwa pistoni ni sawa kununua kwanza, na ndivyo inavyofaa, lakini kwa sababu tofauti: unampa mkerezaji pistoni zote nne, anapima kila moja, halafu anachonga kila silinda kwa pistoni yake. Silinda za XPAG zilianza na kipenyo cha milimita 66.5. Zangu zilikuwa zimekwisha chongwa mara moja, nusu milimita zaidi, na juu ya hapo zimechakaa kwa mshazari, pana juu kuliko chini. Tukaenda milimita moja juu ya kipimo cha kiwanda. Pistoni mpya zilikuja zikiwa na namba za kwangu mwenyewe, 1 hadi 4, nilizoziandika kwa wino kichwani. Tangu siku hiyo hakuna pistoni iliyowahi kuonja silinda isiyo yake.

Uzito nao ni ulinganifu. Niliziweka konrodi zote nne kwenye mizani ya jikoni yenye kuonyesha gramu. Nzito kabisa ilizidi nyepesi kabisa kwa gramu 11. Huwezi kuongeza chuma kwenye konrodi, kwa hiyo unaitafuta nyepesi kuliko zote na kuzifuata nyingine kwa tupa, taratibu, kwenye sehemu zenye nyama ya ziada pekee, si mahali penye kubeba mzigo. Nilitumia jioni tatu kwa kazi hiyo, na naipenda kuliko kazi nyingine yoyote kwenye injini. Mikono inafanya kitu kidogo sana na unajua kwamba kila gramu utakayoondoa, gari litakushukuru mara elfu tano kwa dakika.

Sasa niingie kwenye hesi, yaani nyuzi za bolti, maana hapa ndipo XPAG inapowashangaza hata mafundi wazoefu.

Ukichukua bolti kwenye chasisi ya TC, utakuta hesi za Kiingereza na spana za Whitworth, zile ambazo namba yake ni kipenyo cha bolti na si upana wa kichwa. Hilo linatarajiwa kwa gari la Uingereza la wakati ule. Ukifika kwenye injini, spana ni zile zile za Whitworth. Kichwa cha bolti kinaingia vizuri. Lakini hesi za bolti hiyo ni za milimita. Gari la Kiingereza, kichwa cha Kiingereza, hesi za Kifaransa.

Sababu yake ni historia ya kiwanda. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya silaha ya Hotchkiss kutoka Ufaransa ilifungua karakana Coventry, na mashine zake zilikata kwa milimita. Vita vilipokwisha, karakana ile ilianza kumtengenezea William Morris, mwenye kiwanda cha magari, injini za magari, na mwaka 1923 Morris akainunua. Mashine zikabaki na mila yake ikabaki. Ila fundi wa mtaani Uingereza alikuwa na spana za Whitworth mfukoni, kwa hiyo vichwa vya bolti vikatengenezwa kwa ajili yake. MG, kwa kuwa ilikuwa ya familia ya Morris, ikarithi ndoa hiyo.

Na haiishii hapo. Hesi zenyewe si zile za milimita unazozikuta dukani leo. Bolti ya milimita 8 ya kawaida siku hizi ina umbali wa milimita 1.25 kati ya uzi mmoja na unaofuata. Ya XPAG ina milimita 1.0. Ukiichukua bolti ya kisasa ya milimita 8 na kuisukuma kwenye tundu la XPAG, itaingia mizunguko miwili, na itakuwa ngumu kidogo, na wewe utadhani ni uchafu. Ukiongeza nguvu, itaingia mizunguko mingine miwili, na hapo tayari umeshakata hesi za bloki ya chuma cha kutupwa iliyotengenezwa kabla wazazi wako hawajaonana. Nilikuta matundu matatu yaliyofanyiwa hivyo kwenye bloki yangu. Mawili yaliokolewa kwa kutiwa koili ya hesi. La tatu lilihitaji kuzibwa kwa chuma na kutobolewa upya.

Tangu hapo nina kipima hesi, yale majani madogo ya chuma yenye meno, kimefungwa kwa uzi kwenye meza yangu. Hakuna bolti inayoingia kwenye injini hii bila kupitishwa hapo kwanza. Na kama bolti haishuki kwa vidole viwili tu, bila spana, mpaka karibu na mwisho, haishuki kabisa.

Silinda hedi, kile kipande kinachofunika silinda kwa juu, ilikuwa na siri nyingine. Injini za XPAG zilibadilishwa kidogo kidogo kwa miaka mingi bila kubadilishwa jina. Hedi za awali zina matundu ya maji marefu yaliyopinda, ambayo wapenzi wa magari haya huyaita ndizi, na plagi zake ni fupi, hesi zake zikiwa na urefu wa nusu inchi. Hedi za baadaye, zilizoanza wakati wa MG TD, gari lililoifuata TC, zina matundu ya maji ya duara na plagi ndefu, robo tatu ya inchi. Hedi zote mbili zinakaa juu ya bloki. Studi zinapita. Ukisimama mbele ya gari huwezi kuzitofautisha.

Yangu ilikuwa bloki ya ndizi, hedi ya duara, na gasketi ya duara katikati. Gasketi ile ilikuwa imeziba sehemu ya njia ya maji, na nyuma, karibu na silinda ya nne, chuma kilikuwa kimebadilika rangi kwa joto. Tena aliyeweka hedi ile aliendelea kutumia plagi fupi alizozizoea. Plagi fupi kwenye hedi ya plagi ndefu inabaki ndani ya shimo lake, cheche inaruka ikiwa imejificha, na masizi yanajaza hesi zilizobaki wazi. Kinyume chake ni hatari zaidi: plagi ndefu kwenye hedi fupi inachungulia ndani ya chumba cha moto, na inaweza kukutana na pistoni au valvu.

Nilitafuta hedi ya ndizi kwa miezi miwili. Niliyoipata nilimpelekea mtu wa kuipima nyufa kwa unga wa sumaku kabla sijailipia, na napendekeza kila mtu afanye hivyo, maana hedi hizi zina tabia ya kupasuka kati ya valvu. Ilikuwa nzima. Kisha nikapima unene. Hedi ya TC isiyowahi kusagwa ina milimita 76.75. Hii ilikuwa na 75.9, maana yake ilikwisha kusawazishwa angalau mara moja na bado ina maisha. Nilipiga namba hiyo kwa mihuri midogo pembeni, mahali pasipoonekana, ili atakayekuja asikisie.

Kuhusu valvu zenyewe sina mengi. Kila valvu inasagwa kwenye kiti chake na inabaki na kiti chake. Roka, pushirodi na tapeti, vile vipande vinavyoisukuma valvu ifunguke, kila kimoja kinarudi kilikotoka. Nilitoboa ubao matundu manane, nikaviweka humo kwa mpangilio siku ya kwanza ya kufungua, na ubao ule sikumruhusu mtu yeyote ausogeze.

Kamshafti, mhimili unaovisukuma vipande hivyo, ndiyo iliyoninyima usingizi.

Juu ya kifuniko cha roka kuna kibati kidogo kinachosema nafasi ya valvu, ule mwanya kati ya roka na valvu, ni sehemu 19 za elfu za inchi (mafundi husema elfu 19) injini ikiwa moto. Kwa miaka minne nilikuwa nikirekebisha valvu kwa kibati hicho, kwa uaminifu, na kwa miaka minne injini ilikuwa ikilia tik-tik-tik kama cherehani. Nilijiambia kwamba injini za zamani ndivyo zinavyolia. Wengine nao waliniambia hivyo.

Siku niliyokuwa naoanisha taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka na kufunga, upya, kabla ya kufunga mnyororo moja kwa moja, niliweka sahani yenye digrii mbele ya kranki na geji ya saa juu ya valvu ya kuingiza ya kwanza. Nilitaka tu kuhakikisha. Kamshafti ya awali ya XPAG hufungua valvu ya kuingiza digrii 11 kabla pistoni haijafika juu, na huinyanyua kwa milimita 8. Yangu ilifungua digrii 5 kabla, na ikanyanyua milimita 8.3. Nilirudia mara tatu. Halafu nikaenda silinda ya nne nikapata hesabu ile ile.

Haikuwa kamshafti ya TC. Ilikuwa ile ya baadaye, iliyoletwa mwishoni mwa enzi ya TD, ambayo nafasi yake ni elfu 12 za inchi, si 19. Nundu za kamshafti huanza na mteremko mdogo sana wa kuipokea tapeti taratibu kabla ya kuinyanyua. Ukiacha nafasi kubwa kuliko ilivyokusudiwa, mteremko ule unaisha kabla roka haijaigusa valvu, na badala ya kupokewa, valvu inapigwa nyundo. Tik-tik-tik yote ile ilikuwa mimi, nikiwa na fila, bapa la kupimia mwanya, mkononi na kibati kisicho cha kamshafti iliyokuwa ndani.

Nililifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa. Kibati hakikuwa cha uongo. Kilikuwa kinasema kweli juu ya injini iliyotoka kiwandani. Kifuniko cha roka ni cha gari, bloki ni ya gari, namba imegongwa kwenye kibati cha shaba chenye pembe nane kama ilivyo desturi ya MG. Ila ndani kulikuwa kumeingia mgeni mzuri, asiye na kosa lolote, ambaye hakuna aliyemtambulisha.

Nina maoni makali juu ya namba. Wapenzi wa magari ya zamani wanaithamini sana injini ambayo namba yake inalingana na hati za gari, nami pia naithamini. Lakini namba inakuambia bloki ilizaliwa wapi. Haikuambii nini kinaishi ndani yake. Katika kutafuta vipuri nilipewa bloki iliyosemwa ni XPAG "iliyopoteza kibati chake". Kwa nje ilifanana kwa kila kitu. Nikatia kipimo kwenye silinda: milimita 63.5 na vipande vidogo vya uchakavu. Hiyo ilikuwa injini ya Morris Ten, ndugu yake wa sentimita za ujazo 1,140. Mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 90, ndiyo maana bloki zinafanana hivyo. Muuzaji hakuwa mdanganyifu, naamini. Alikuwa ameangalia umbo tu. Nilimwonyesha kipimo, akanishukuru, na tukaagana vizuri.

Kuna kundi jingine la vitu ambavyo havipendi kutenganishwa, na watu huvitenganisha kwa kuvisafisha. Kabureta za SU, mbili kwenye TC, zina pistoni yake inayopanda na kushuka ndani ya kuba la chuma. Kila pistoni ililinganishwa na kuba lake kiwandani, kwa sababu nafasi kati yao ni ndogo mno na hewa inayopenya hapo ndiyo inayoamua kasi ya kushuka. Ukiyatumbukiza makuba mawili na pistoni mbili kwenye ndoo moja ya petroli, ukayatoa bila alama, umeshapoteza kitu ambacho hakuna duka linaloweza kukuuzia. Kabureta moja itaitikia haraka na nyingine itachelewa, na utarekebisha skrubu mpaka mwisho wa mwezi. Fungua moja, isafishe, ifunge. Halafu nenda kwenye ya pili.

Kufunga injini kulichukua wiki mbili, na sina la kueleza zaidi ya kwamba nilipima kila kitu mara ya pili. Kila beringi niliijaribu kwa kile kiuzi laini cha plastiki kinachobanwa na kupimwa upana. Kila pete ya pistoni niliiingiza peke yake ndani ya silinda yake nikapima mwanya wa ncha zake kabla ya kuivisha. Kamshafti nilibaki nayo ile ile ya mgeni, pamoja na tapeti zake, kila moja kwenye nafasi yake. Zilikuwa zimechakaa kwa pamoja, vizuri, na tapeti mpya kwenye nundu ya zamani ingeiharibu mapema.

Iliwaka kwa mara ya pili ya kujaribu. Niliacha izunguke mpaka maji yakapata moto, nikaizima, nikafungua kifuniko cha roka na kuweka valvu zote nane kwenye elfu 12. Nilipoiwasha tena nilidhani kuna kitu kimekatika, kwa sababu tik-tik haikuwepo. Nilisikia feni, na pumzi za kabureta, na mlio wa mnyororo wa taimingi ambao sikuwahi kuusikia kabla.

Kibati cha elfu 19 sijakiondoa. Ni cha gari. Ila nimekata kipande kidogo cha shaba, nikagonga juu yake kwa mihuri ile ile: kamshafti ya baadaye, 0.012, kranki andasaizi 0.010, silinda milimita 67.5, hedi 75.9, plagi fupi. Kimefungwa kwa waya ndani ya boneti, upande wa kushoto, mahali ambapo mtu mwenye spana mkononi atakiona kabla hajaanza kufungua.